Kilwa Ipi?

Siku ukifika Mbagala ukamwambia mpiga debe kwamba unakwenda Kilwa, usishangae akikugeuzia swali: "Kilwa ipi, anko?" Sisi wa huku tumezoea. Kuna Kilwa Kisiwani, mji wa kale wenye magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Songo Mnara. Kuna Kilwa Kivinje, mji wa misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, ambao baadaye Mjerumani aliufanya makao yake. Na kuna hapa kwetu Masoko, makao makuu ya wilaya, ng'ambo tu ya maji ukitokea Kisiwani. Ukifungua ramani kubwa zaidi utakuta Kilwa nyingine Kongo, ufukweni mwa Ziwa Mweru, na ndani ya ziwa hilohilo kisiwa kiitwacho Kilwa, mali ya Zambia. Wareno nao, walipokuja kutuvamia mwaka 1505, walikuwa wakiandika Quiloa.

Jina moja, mahali pengi. Sasa nani mwenye haki ya kusema Kilwa ni ipi? Swali hili si la mpiga debe peke yake. Liliwahi kumfukuzisha mtu kazi, na mtu huyo ni mjomba wangu.

Nilikuwa natafuta karatasi. Nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, naandika riwaya, na riwaya inakula karatasi kuliko mbuzi. Mke wa mjomba akanielekeza kwenye sanduku la bati uvunguni. Ndani nikakuta kaunta buku nene lenye jalada gumu, kurasa za mwisho zimeshachanwa kufungia karanga. Zilizobaki zilikuwa zimejaa mwandiko mdogo ulionyooka kama wa karani wa mahakama: upande wa kushoto namba, nne nne zilizotenganishwa kwa nukta, na upande wa kulia majina. kivinje. masoko. songomnara. husuni. kilwa. Yote kwa herufi ndogo, kana kwamba aliyeandika hakufundishwa darasa la kwanza kwamba jina la mahali huanza kwa herufi kubwa.

"Shikamoo mjomba. Hii ni nini?"

"Marahaba." Akalipokea, akalipuliza vumbi. "Hawa walikuwa watoto wangu."

Kumbe zilikuwa kompyuta. Kati ya mwaka 1993 na 1997 mjomba alifanya kazi Dar es Salaam, katika chumba cha mashine cha ofisi moja ambayo jina lake silitaji, na hata yeye halitaji. Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza orodha: mashine ipi inaitwaje, namba yake ngapi, na nani aulizwe kwanza pale mashine moja inapotaka kumjua mwenzake. Nikacheka. Kazi gani hiyo, kuandika majina? Akaninyamazia. Baadaye, siku baada ya siku, barazani, akanisimulia, na mimi nikaenda kusoma pale nilipoweza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na nchi yenyewe. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zilikuwa zimekula fedha na hesabu zikazidi kuvurugika. Marufuku hiyo ililegea polepole, na watu wa rika la mjomba ndio waliokuja kuzikuta mashine zikirudi kwa wingi, miaka ya 1980 mwishoni na 1990. Hata jina la chombo lilikuwa bado halijatulia. Wataalamu wa lugha walitupa ngamizi, wengine wakapenda tarakilishi, mtaani tukabaki na kompyuta yetu. Unaona? Majina tu, tayari ugomvi.

Sasa kompyuta yenyewe haijui majina. Inajua namba. Jina ni kwa ajili yetu sisi binadamu, ambao namba kumi zikizidi tunasahau. Ukiiambia mashine "nipelekee barua hii kwa kilwa", lazima kwanza iulize mahali: kilwa ni namba ngapi? Na hapo ndipo historia yote ilipo, katika hilo neno "mahali".

Zamani za mtandao wa ARPANET kule Marekani, mahali hapo palikuwa pamoja tu. Ilikuwapo orodha moja, faili liitwalo HOSTS.TXT, likitunzwa katika taasisi ya SRI, mjini Menlo Park, California, na ofisi iliyoongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Ukitaka kuipa mashine yako jina, ulipeleka maombi kwao, wakaandika. Kisha kila mwenye mashine akachukua nakala ya orodha hiyo kwa wakati wake. Utaratibu mzuri, mradi wanakijiji ni wachache. Walipoongezeka, ofisi ikaelemewa, wawili wakataka jina moja, na aliyechukua nakala mwezi uliopita akawa anaishi katika dunia ya mwezi uliopita.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyepewa kazi hiyo na Jon Postel, akatoa mpango mwingine, ule uitwao DNS. Kwa lugha ya mtaani, mpango wake unafanana na kuulizia nyumba ya mtu usiyemjua. Huhitaji daftari la wakazi wa nchi nzima. Unafika mkoani unaelekezwa wilaya, wilayani unaelekezwa mtaa, mtaani unaulizia kwa balozi wa nyumba kumi, naye anamjua mtu wake. Jina kama udsm.ac.tz husomwa hivyo kuanzia nyuma: nani anatunza tz? Huyo atamtaja anayetunza ac.tz, naye atamtaja anayeijua udsm. Kila mmoja anatunza orodha ya kwake, fupi, na hakuna anayejua yote.

Ila balozi lazima awepo. Jina la .ke la Kenya liliandikishwa mwaka 1993, na kwa miaka kadhaa upande wake wa kiufundi ulishikwa na Mmarekani, Randy Bush, kwa kujitolea tu, hadi KeNIC ilipoanzishwa mwaka 2002. La kwetu, .tz, liliandikishwa mwaka 1995, likalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2006 ikaundwa tzNIC kulisimamia. Miaka ile hapakuwa na kebo ya baharini ya kutuunganisha. SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Kama aliyejua jina ulilolitafuta alikuwa ng'ambo, swali lako lilipaa hadi kwenye setilaiti, likashuka Ulaya au Marekani, likajibiwa huko, likarudi. Mjomba anasema ungeweza kuuliza jina, ukanywa chai, ukarudi ukakuta jibu bado liko njiani. Anatia chumvi, namjua, lakini si nyingi.

Ndiyo maana ofisi nyingi zilikuwa na orodha ya tatu, ya ndani. Kampuni ya Sun ilitengeneza utaratibu wa mashine moja kuwa mkuu wa orodha, na nyingine zote za ofisi kumuuliza huyo. Mwanzo waliuita Yellow Pages, kama vitabu vya simu vya kurasa za njano, hadi ikabainika kwamba jina hilo kule Uingereza lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom. Wakaubatiza upya: NIS. Lakini amri zake zilibaki zikianza na herufi yp, ypbind, ypcat, ypserv, mpaka leo. Mtunza majina amenyang'anywa jina! Nilimwambia mjomba kwamba hiyo ingefaa riwayani. Akasema haifai, haitaaminika.

Basi, zikawa sehemu tatu za kuuliza: faili lililo ndani ya mashine yenyewe, NIS ya ofisi, na DNS ya dunia. Nani atangulie? Hapo ndipo mjomba alipokula mkate wake, na ndipo ulipomkwama kooni.

Chumba chake kilikuwa na mashine za makabila manne, zote zikijiita Unix. Kulikuwa na Sun mbili, IBM moja, Digital moja kuukuu yenye Ultrix, na kompyuta ya kawaida waliyoiwekea Linux. Wafadhili tofauti, miaka tofauti, kila mmoja kaleta ya kwao. Kwenye Sun mpya unaandika mstari mmoja katika faili liitwalo nsswitch.conf. Kwenye Digital faili ni svc.conf. IBM ina netsvc.conf. Linux ya wakati ule ilikuwa na host.conf. Na maneno yenyewe hayafanani: faili la ndani Sun inaliita files, Digital na IBM zinasema local, Linux inasema hosts. NIS kwa Sun ni nis, kwa Digital bado ni yp. Ukurasa mzima wa kaunta buku ni jedwali la maneno hayo, limepigwa mistari kwa rula, kama kamusi ndogo ya lugha nne kuhusu sentensi moja tu: "muulize huyu kwanza, kisha huyu."

Pana ukurasa mwingine wa huduma, yaani si nyumba ipi bali mlango upi. Nyumba za pwani unazijua: wageni kwa barazani, wenyeji kwa uani. Kompyuta nayo ina milango yenye namba, na faili la services ndilo linalosema barua ziingie mlango wa 25, telnet wa 23, maswali ya majina wa 53. Namba hizo zilitunzwa miaka na miaka na yuleyule Jon Postel, hadi alipofariki Oktoba 1998. Mjomba kaandika kwa wino mwekundu: "pop ni 109, pop3 ni 110, WASICHANGANYE!" Kumbe kwenye mashine kuukuu mstari wa pili haukuwepo kabisa, watu wakawa wanaambiwa huduma haijulikani, wakati mwenye huduma yupo amekaa anawasubiri. Hilo alilimaliza kwa siku moja. La majina halikuisha.

Nisikilize hapa kwa makini, maana hata mimi ilibidi nielezwe mara tatu.

Kwenye Sun mtu aliweza kuandika hivi: muulize NIS kwanza, akijibu kwamba jina hilo hamna, ishia hapo, ila kama hapatikani kabisa, rudi kwenye faili la ndani. "Kuna tofauti," mjomba akaniambia, "ya mtu kukwambia simjui, na wewe kukuta mlango umefungwa." Sun iliijua tofauti hiyo. Ile Digital kuukuu haikuijua. Ukiiambia ianze na NIS na mkuu wa orodha amezimika, inakaa inangoja, inaandika kwenye kioo kwamba seva haijibu, inangoja tena. Haiwaki mpaka mkuu arudi.

Na miaka ile mkuu alikuwa akizimika sana. Wazee wataukumbuka mgao wa umeme wa 1992 na ule wa 1994, mabwawa yalipokauka. Umeme ukirudi, mashine zote zinaamka kwa pamoja kama kuku, na Digital inaamka kabla ya mkuu wake. Mjomba akafanya kilichofanywa na mafundi wengi: akaiambia Digital ianze na faili lake la ndani, ndipo imuulize NIS. Ikawa inawaka yenyewe. Bosi akafurahi. Lakini tangu siku hiyo chumba kile kilikuwa na orodha mbili, na Digital ilikuwa haimsikilizi mkuu kama tayari ina jibu lake mfukoni.

Mashine iliyoitwa kilwa ndiyo iliyopokea nakala za akiba za kila usiku, na namba yake iliishia na 7. Mwaka 1996 wakapata mashine mpya yenye diski kubwa. Kazi ya kilwa ikahamia huko, jina likahama nalo, na namba mpya ikaishia na 12. Ile 7 wakapewa wanafunzi wa mafunzo ya miezi mitatu. Mjomba akabadili orodha ya mkuu. Kisha akazunguka mashine moja moja kurekebisha mafaili ya ndani, na daftari linaonyesha: tiki, tiki, tiki. Mbele ya Digital hakuna tiki. Pembeni kuna maneno: "Nimekatazwa kuigusa. Hesabu za mwisho wa mwezi."

Hesabu zikaisha. Kazi nyingine ikaingia. Tiki haikuwekwa.

Kila usiku Digital ikauliza faili lake: kilwa ni nani? Likajibu, 7. Ikatuma nakala zake kwa mashine ya wanafunzi. Na ile ikapokea bila kunung'unika, kwa sababu watumiaji na ruhusa zao zilitoka kwenye orodha ileile ya mkuu. Asubuhi taarifa inasema salama, nakala imefika kilwa. Uongo hapo uko wapi? Hakuna aliyesema uongo. Mafunzo yakaisha, diski ya wanafunzi ikafutwa kusubiri kundi lingine. Na wiki ileile diski ya Digital ikafa.

Wakaenda kwenye kilwa, kilwa ya kweli, wakakuta nakala ya mwisho ni ya miezi mitatu nyuma.

Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1997 haukuongezwa. Alirudi kwa basi la mchana kutwa, akavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, maana Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo yupo Masoko, anatengeneza redio, simu, na siku hizi taa za sola.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilipandwa na hasira. Nikamwambia, mjomba, wewe huna kosa, hao waliokukataza ndio wenye kosa! Moyoni nilishaiona riwaya: fundi mnyonge wa Kilwa, ofisi katili ya mjini. Akanikatiza. "Walinikataza siku nne. Miezi mitatu ni siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye vitabu, safari hii vya kwetu, maana nilikuwa nimeanza kuona orodha kila mahali. Historia ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Moja ni ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa mwaka 1552. Nyingine ni ya Kiarabu, katika nakala iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 na ambayo sasa iko London. Zote mbili zinataja wafalme wa kisiwa hiki ninachokiona nikisimama gatini, na orodha zao hazilingani: majina yanapishana, miaka ya kutawala inapishana. Waandishi wote wawili walikuwa na faili la ndani, na kila mmoja alilisoma kwanza. Miaka ya 1960 Neville Chittick alipochimba Kisiwani, alitegemea pia sarafu za shaba zenye majina ya masultani kupanga nyakati upya, na baadhi ya tarehe zilizokuwa zikiaminiwa zikasogea karne nzima na zaidi. Sarafu haina sehemu mbili za kuuliza. Jina limegongwa pale, limezikwa pale.

Nilifurahi sana na mlinganisho huo, nikamsomea mjomba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho kilinisumbua usiku kucha: kati ya hao wawili waliokosea majina ya masultani, kuna aliyejua kwamba amekosea? Nikasema sidhani. "Mimi nilijua," akasema. "Nilijua kuna mashine moja bado. Kila nikilala nasema kesho."

Wiki iliyopita nilimaliza sura ya kwanza. Ndani yake nimenakili ukurasa wa daftari kama ulivyo, mashine zote na namba zake, safu kwa safu. Nikampelekea kibandani kwake, akavaa miwani, akaupitisha kidole juu chini kama anakagua kazi ya mwanafunzi. Kidole kikafika kwenye Digital, kikasimama. Mimi nilikuwa nimeweka tiki. Naapa sikumbuki kuiweka. Mkono ulijiendea, labda kwa kufuatisha safu, labda kwa huruma.

Akaniomba kalamu. Akaifuta kwa mstari mmoja, taratibu, bila kuichana karatasi, kisha akanirudishia.

"Hapa hapakuwa na tiki," akasema, akainama kuendelea na redio ya watu.